Mkia wa Herufi

Mimi sijawahi kupiga gwaride.
Miaka kumi na tisa katika ukumbi huu wa Glace Bay,
nyuma ya meza iliyokingamwa kadibodi mguu mmoja,
nasikia kushoto-kulia, kushoto-kulia
kupitia ukuta, kama mvua inayonyesha kwa jirani.
Kazi yangu ni karatasi.

Jumanne jioni theluji inalia chini ya soli,
wanaingia na mashavu mekundu,
wajukuu wa wachimba makaa ambao hawajawahi kuliona kaa.
"Bi Rhona, bereti inanibana."
"Bi Rhona, buti namba nane?"
Namba nane hazipo.
Niliziagiza Septemba kwa fomu ya waridi;
wakanijibu Januari kwamba fomu siku hizi ni ya kijani.

Kapteni Gouthro ana nishani tatu
na sauti ya kufungua mlango uliokomewa.
Lakini basi la kambini haliitiki sauti.
Basi hufuata namba ya idhini, idhini hufuata majina,
majina hufuata kadi za matibabu:
nani ana pumu, nani karanga zitamuua,
nani bado anakojoa kitandani,
na mama yake ameliandika hilo kwa herufi ndogo mno,
kama anayenong'ona.
Na chini ya kila kadi, sahihi ya mzazi.
Bila sahihi mtoto habebwi.

Kadi ya Emmet Boutilier ilikuja siku ya mwisho,
imekunjwa mara nne, inanuka chungwa.
*Raymond Boutilier*, kwa wino wa bluu,
na ile r ya mwisho ikiburuta mkia
hadi ukajipinda kama ndoana.
Nikaenda kabatini. Nikatoa stakabadhi ya sare:
shati moja, mkanda mmoja, nimepokea mimi, Emmet Boutilier.
Mkia uleule.

Sahihi isiyo sahihi.

Ningeweza kumpeleka kwa Kapteni.
Ningeweza kugonga muhuri nikanyamaza; muhuri hauna macho.
Nikangoja watoto wote waondoke,
nikatafuta namba ya Alberta, kwenye visima vya mafuta,
ambako saa zetu tatu usiku
kwao bado ni kumi na mbili jioni.

Iliita mara saba. Nyuma yake mashine ilikuwa ikikohoa.
"Kambi gani?"
Nikamweleza: siku nne, mahema, ramani na dira,
na bunduki ya upepo, ambayo mwanao
anailenga kuliko wakubwa wake.
Kimya. Nikadhani laini imekatika.
"Hakuniambia," akasema.
Kisha, polepole, "Nami sikumuuliza."
Mashine ikakohoa tena.
"Aende. Mwambie avae soksi mbili mbili.
Miguu yake hushikwa na baridi upesi, tangu mchanga."

Nikaandika pembeni mwa kadi:
*Ridhaa ya mzazi kwa simu, saa tatu na dakika kumi usiku.*
Habari ya soksi sikuiandika.
Fomu haina mahali pake.

Ijumaa, basi likinguruma nje,
nikamwita Emmet dirishani pa bohari,
nikamsukumia jozi mbili za sufu, kijivu.
"Sikuomba," akasema.
"Najua. Tia sahihi hapa."
Akaandika jina lake, herufi kwa herufi,
akafika kwenye r, akaniangalia,
na kalamu ikasimama.

Sikusema neno. Nilikuwa natafuta kifuniko cha wino.

Akaimalizia fupi, butu, bila mkia,
akakimbia, soksi kwapani,
mlango ukabaki wazi na baridi ikaingia hadi kwenye faili.

Nikaufunga. Nikarudi kuhesabu.
Bereti arobaini na moja; kitabu kinasema arobaini na mbili.
Buti namba nane: sifuri.